Hatua ya Hamsini na Tano

Wahenga walinena, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Methali hii niliikariri tangu darasa la nne. Nimeiandika katika insha zangu mara zisizo na idadi, na mara nyingi mwalimu aliniwekea alama ya vyema pembeni. Kumbe nilikuwa nikiijua methali, lakini methali yenyewe ilikuwa bado haijanijua mimi. Mwaka wa 2025 ilinijua. Ilinijia kupitia mchezo wa sataranji, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Mimi ni mtoto wa drafti. Kule kwetu karibu na kituo cha matatu pana kibanda cha fundi wa viatu, na mbele ya kibanda hicho pana ubao uliochorwa juu ya kipande cha mbao. Kete ni vifuniko vya soda: vya huyu vimelala chali, vya yule vimelala kifudifudi. Hapo ndipo nilipojifunza kula na kuliwa. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2023 nikaona maktabani ubao wa miraba sitini na minne, ule ule wa drafti, ila kete zake zina vichwa na mataji. Nikasema, "Ah, hii si ni drafti ya Wazungu iliyovaa suti!"

Mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye ndiye mlezi wa chama cha sataranji, alinisikia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza kwamba jina sataranji limetufikia kupitia kwa Waarabu na Waajemi, nao waliupata mchezo huu kutoka Bara Hindi. Huko uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. "Kwa hivyo usiuite mchezo wa Wazungu," akasema. "Kwao ulifika kama mgeni, kama ulivyofika kwetu."

Basi nikajifunza. Nilichojifunza kwanza, kama vijana wengi, ni mitego. Upo ule mtego wa hatua nne ambapo malkia na askofu humvamia mfalme kabla mwenyewe hajafungua macho. Nilikwenda nao bweni kwa bweni. Walilala wa Kidato cha Kwanza, wakalala wa Kidato cha Pili, hata kiranja mmoja wa Kidato cha Nne alilala, akaniamrisha nifagie bweni ili kupoza hasira. Wenzangu wakanibandika jina la Radi. Nami nikajiona jogoo wa mtaa. Mwalimu aliniambia, "Radi, mtego ni chambo, na samaki mkubwa hali kila chambo." Niliitikia "Ndiyo, Mwalimu," huku sikio moja likiingiza na la pili likitoa.

Kufikia Kidato cha Tatu nilikuwa ndimi mchezaji wa ubao wa kwanza. Ubao wa nne ulikuwa wa kijana wa Kidato cha Pili ambaye tulimwita Kimya. Jina hilo lilimfaa. Akishinda hasemi, akishindwa hasemi. Aliandika hatua zake zote katika karatasi kwa mwandiko mzuri kama wa karani, na baada ya mchezo aliikunja karatasi mara mbili na kuitia katika mfuko wa shati. Mimi karatasi zangu nilizifanyia ndege.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, mashindano ya shule za upili. Katika mzunguko wa mwisho tulihitaji sare tu, alama mbili kwa mbili, ili tusonge mbele. Mimi nilishinda. Ubao wa pili tukapigwa. Ubao wa tatu ukaenda sare. Hiyo ni alama moja na nusu. Macho yote yakahamia kwa Kimya. Alihitaji sare, hata kushinda hakukuhitajika.

Hali yake ilikuwa hivi: yeye na mpinzani wake kila mmoja alikuwa na ngome moja na mfalme. Mpinzani alikuwa na askari wanne, Kimya watatu. Kupungukiwa na askari mmoja si kifo, kwa sababu ngome yako inaweza kumsumbua mfalme wa adui kutoka nyuma na kutoka ubavuni mpaka jua lichwe. Kimya alikuwa amejitetea hivyo kwa muda mrefu, na yule kijana wa shule nyingine alikuwa ameanza kupiga miayo. Halafu, bwana wee, Kimya akaisogeza ngome yake mbele ya ngome ya mwenzake: nile nikule. Nadhani alikuwa amechoka, akataka yaishe. Mpinzani hakungoja kuambiwa mara ya pili. Zikabadilishwa ngome, wakabaki wafalme na askari peke yao, na hatua kumi baadaye askari yule wa ziada alifika mwisho wa ubao akageuka malkia. Tukafungiwa mlango.

Ndani ya basi la shule nilisimama. Sikuketi, nilisimama kabisa nikashika chuma cha juu. Nikasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia, "Kichwa maji wewe! Hata kuku wa nyanyangu asingebadilisha ngome ile! Umetuuza!" Basi zima likaangua kicheko. Kimya alitazama nje ya dirisha. Njia nzima alitazama nje, hata giza lilipoingia na nje hapakuonekana kitu.

Jumatatu hakuja chamani. Jumatano hakuja. Juma lililofuata alimrudishia Mwalimu ubao aliokuwa ameazimwa, ukiwa na kete zake zote thelathini na mbili. Watu wakaniambia, "Radi, umemfukuza mtoto." Nami nikajibu, "Kwani nimesema uwongo?" Hilo ndilo lililonifanya nilale usingizi: sikuwa nimesema uwongo.

Siku chache baadaye Mwalimu aliniita katika chumba cha walimu baada ya chakula cha mchana. Mezani pake palikuwa na ubao uliopangwa kete, kikombe cha chai, na karatasi moja iliyochapwa hatua za mchezo. Sehemu ya juu ya karatasi, ambapo huandikwa majina ya wachezaji, ilikuwa imekatwa kwa makasi.

"Utacheza upande wa kete nyeupe," akasema. "Funika hatua zote kwa daftari. Kila mara jiulize ungecheza nini, andika, na uandike sababu kwa sentensi moja. Kisha fungua mstari uone mwenyewe alicheza nini. Usiruke hata mstari mmoja."

Kwa wasiojua, hatua za sataranji huandikwa kwa herufi na nambari. Safu za kwenda mbele ni herufi a mpaka h, na mistari ya kukatiza ni 1 mpaka 8. Kwa hivyo ukiambiwa f2 unajua ni mraba gani, kama vile unavyojua kitanda chako bwenini.

Nilianza kwa mbwembwe. Hatua kama kumi za mwanzo nilibashiri nyingi sawa. Baadaye nikaanza kukosa. Nilipotaka kushambulia, yule mchezaji alirudi nyuma. Nilipotaka kula, aliacha. Ilipofika katikati nilikuwa nimejaza daftari maneno kama "kuvamia", "kutisha", "kuweka mtego", na karibu kila mara mwenye mchezo alikuwa amefanya jambo jingine la utaratibu, kama mkulima anayepalilia mstari mmoja mmoja. Kengele ya vipindi vya alasiri ikalia. Mwalimu akasema tuendelee kesho, na keshokutwa. Mchezo mmoja ulinichukua siku tatu. Mimi ambaye nilizoea kummaliza mtu kabla ya chai haijapoa!

Siku ya tatu tulifika mwishoni. Kila upande ulikuwa na mfalme, ngome moja na askofu mmoja. Nyeupe ilikuwa na askari mmoja, nyeusi askari wawili. Askofu mweupe alikuwa amekaa kule pembeni kabisa, katika kona ya a8. Nikatazama, nikatabasamu. Niliona njia ya kumaliza kazi. Nikaandika: "Hatua ya 55, ngome kwenda f2. Sababu: kubadilishana ngome, mchezo upoe, sare." Nikafungua mstari. Ngome kwenda f2! Nilikuwa nimebashiri sawasawa. Nikapiga meza kwa furaha, chai ya Mwalimu ikamwagika kidogo.

"Vizuri," akasema Mwalimu bila kucheka. "Sasa fungua ya nyeusi."

Nyeusi ikala ngome. Mfalme mweupe naye akala ngome. Kisha nyeusi ikamweka askofu wake katika d5.

Nilitazama ubao. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona, na moyo ukanishuka. Yule askofu mweupe wa kona ya a8 alikuwa na njia moja tu ya kutokea, ule mshazari unaopita b7, c6 na d5. Na sasa mlangoni amesimama askofu mweusi, nyuma yake mfalme mweusi akimlinda. Askofu mweupe akikaa ataliwa, akisogea b7 au c6 ataliwa, akila yeye ataliwa na mfalme. Maaskofu lazima wabadilishwe, apende asipende. Na wakishabadilishwa, kinachobaki ni wafalme na askari: mmoja kwa wawili. Nyeupe ikala, mfalme mweusi akala. Mfalme mweupe akaenda e3, mfalme mweusi akaja e5, wakasimama uso kwa uso. Mweupe hana budi kupisha njia. Hatua ya 58, nyeupe ikasalimu amri.

"Huyu ni nani?" nikauliza. "Ni mwanafunzi?"

Mwalimu akafungua droo akatoa kile kipande alichokikata, akakiweka juu ya karatasi. Ding Liren wa Uchina, kete nyeupe. Gukesh Dommaraju wa Uhindi, kete nyeusi. Singapore, tarehe 12 Desemba 2024. Mchezo wa 14, wa mwisho, wa kuwania ubingwa wa dunia. Ding ndiye aliyekuwa bingwa. Kabla ya mchezo huo walikuwa sare, alama 6.5 kwa 6.5. Baada ya ile hatua ya 55, Gukesh, kijana wa miaka 18, akawa bingwa kwa 7.5 kwa 6.5. Akaivunja rekodi ya Garry Kasparov, aliyeupata ubingwa mwaka wa 1985 akiwa na miaka 22.

"Kwa hivyo," akasema Mwalimu akifuta chai kwa leso, "bingwa wa dunia, Kimya, na wewe Radi, nyote watatu mmebadilisha ngome pale pale. Sasa niambie, kati yenu kichwa maji ni nani?"

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika, kwa wino wangu, sababu ile ile iliyomponza Kimya: mchezo upoe, yaishe. Nami sikuwa nimechoka kama yeye, wala shule nzima haikuwa imenisimamia mgongoni. Nilikuwa nimeketi kitini, nimeshiba githeri.

Nilidhani somo limekwisha, kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alinipa karatasi nyingine, safari hii ikiwa na majina. Ni ule mchezo wa Astana, Kazakhstan, wa tarehe 30 Aprili 2023. Mwaka huo Magnus Carlsen wa Norway alikuwa ameamua kutoutetea ubingwa wake, na Ding akakutana na Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Michezo 14 ya kawaida iliisha 7 kwa 7. Wakaingia katika michezo minne ya haraka. Mitatu ya kwanza ikaenda sare. Katika wa nne, Ding akiwa na kete nyeusi, malkia wa Nepomniachtchi alianza kumtishia mfalme wake. Kila mtu alidhani watarudiarudia hatua zile zile na mchezo uishe sare. Ding alikuwa na muda mdogo sana katika saa yake. Mimi nilibashiri mfalme kukimbia, hatua zirudiwe. Nikafungua: katika hatua ya 46 Ding aliikinga ile tishio kwa ngome yake mwenyewe, akaiweka g6, mahali ambapo ngome hiyo haiwezi kuondoka kwa sababu nyuma yake kuna mfalme. Alijifunga kamba kwa hiari! Lakini alikuwa amehesabu kwamba kamba hiyo haitamnyonga, na kwamba askari wake wa upande wa pili wa ubao watapata nafasi ya kukimbia. Wakakimbia, akashinda, akawa bingwa.

Sasa ziweke karatasi hizo mbili pamoja kama nilivyoziweka mimi kitandani pangu. Mtu ni yule yule. Mwaka wa 2023 aliikataa sare, na saa imekaribia kuisha, akapata taji. Mwaka wa 2024 aliikimbilia sare, akalipoteza. Je, tuseme alikuwa shujaa halafu akawa mjinga? Mimi nilipomaliza kuzisoma niliona kwamba mchezaji hapimwi kwa hatua moja. Tena katika mashindano yale yale ya Singapore, Ding alifanya kosa kubwa katika mchezo wa 11 akashindwa, na katika mchezo wa 12 uliofuata akarudi akacheza vizuri ajabu, akashinda. Angekuwa ndani ya basi letu, na mimi nimesimama nimeshika chuma, sijui kama angerudi kucheza huo wa 12.

Tangu hapo tuliendelea na michezo ya karibuni. Nilimwuliza Mwalimu mbona hatuanzi na mabingwa wa zamani waliomo vitabuni. Akasema tutafika huko, lakini michezo ya zamani imekwisha kutafunwa na wengine, mwanafunzi husoma maelezo akadhani ameelewa. Mchezo wa juzi unakulazimisha utafune mwenyewe. Na kompyuta je? Kompyuta siku hizi inamshinda bingwa yeyote wa dunia, na inaweza kukuambia papo hapo hatua gani ni mbaya. Mwalimu aliiruhusu, lakini mwisho kabisa. "Kompyuta ni kama majibu yaliyo nyuma ya kitabu cha Hesabu," alisema. "Ukianza huko, utapata jibu na utakosa hesabu."

Basi kwa wale wanaotaka kujaribu, utaratibu wetu ni huu. Kwanza, funika hatua na ubashiri, usione haya kukosa. Pili, andika sababu, kwa maneno. Hatua isiyo na sababu ni kama sentensi isiyo na kitenzi. Tatu, kabla ya hatua yako jiulize mwenzako anataka nini. Mimi katika ile hatua ya 55 sikujiuliza hata kidogo, nilijiuliza ninachotaka mimi tu. Nne, tafuta mahali mchezo ulipogeuka, upatie alama ya mshangao. Tano, kabla ya kubadilishana kete yoyote, ondoa kete hizo mbili akilini na uutazame ubao uliobaki. Ukipendeza, badilisha. Usipopendeza, ngoja. Sita, fanya hivyo hivyo na michezo yako mwenyewe.

Hili la sita ndilo lililouma zaidi. Mwalimu alikuwa ameweka nakala za hatua zetu zote za mashindano ya Juni. Alinipa mbili: mchezo wangu niliojivunia, na mchezo wa Kimya. Nikazipitia kwa kalamu nyekundu. Katika mchezo wangu nilihesabu hatua mbaya tisa. Tisa! Mara mbili mpinzani angeweza kunila malkia bure, hakuona. Nilishinda kwa sababu yeye alikosea mara ya mwisho. Nikachukua wa Kimya. Nilitafuta kosa kuanzia hatua ya kwanza, sikulipata. Alikuwa amempoteza askari mmoja mapema, naam, lakini baada ya hapo alijitetea kwa hatua zaidi ya thelathini, kila moja ikiwa na sababu yake. Kosa lilikuwa moja. Yeye kosa moja akatukanwa, mimi makosa tisa nikabebwa juu juu.

Nilimtafuta siku hiyo hiyo baada ya prepu. Nilimkuta nyuma ya bweni akifua soksi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye methali tatu, lakini zote zikanitoroka. Nikasema tu, "Ndugu yangu, nilikukosea kule kwa basi. Nisamehe." Hakunijibu. Aliikamua soksi. Nikampa ile karatasi ya Singapore pamoja na ukurasa wa daftari langu wenye mwandiko wangu: "Ngome kwenda f2. Sababu: sare." Akaisoma chini ya taa ya bweni, akairudia kuisoma.

"Wewe ndiwe uliandika hii?" akauliza.

"Ni mimi."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Sawa. Lakini ile hatua yangu ilikuwa mbaya kweli. Ningeiacha ngome nyuma ya askari wake, ningengoja tu." Alikuwa amekwisha kuupitia mchezo wake peke yake, muda mrefu kabla yetu, kutoka kwa karatasi aliyoikunja mara mbili. Kile nilichofundishwa na Mwalimu kwa majuma, yeye alikuwa akikifanya tangu mwanzo, na hakuna aliyemuuliza.

Hakurudi chamani kesho yake, sitaki kuwadanganya. Alirudi baada ya juma la tatu hivi, akaketi nyuma. Siku hizo tulikuwa tukisoma mchezo wa Stavanger, Norway, wa tarehe 1 Juni 2025, ambapo Carlsen alikuwa akimwelemea Gukesh kwa muda mrefu. Gukesh akazidi kujitetea, na saa ziliposonga Carlsen akakosea, akashindwa. Kwa uchungu aliipiga meza ngumi mpaka kete zikaruka. Mwalimu aliuliza, "Gukesh alishindaje?" Sote tukataja hatua hii na ile. Kutoka nyuma sauti ndogo ikasema, "Alikataa kuondoka." Sote tukageuka. Ni Kimya.

Katika muhula wa tatu tulicheza mechi ya kirafiki na majirani zetu. Mimi kwenye ubao wa kwanza nilipigwa, tena vizuri. Niliingiwa na tamaa ya mtego wa zamani, mwenzangu akaukwepa, nikabaki uchi. Nikatoka nikasimama nyuma ya ubao wa nne. Huwezi kuamini: ngome kwa ngome, na Kimya amepungukiwa askari mmoja. Mkono wake ulienda kwa ngome. Ukasimama hewani. Nilijua anachofanya: anaziondoa ngome mbili akilini, anautazama ubao uliobaki. Mkono ukarudi. Akaiweka ngome yake nyuma ya askari wa adui, akaketi kitako. Mchezo ule ulikwenda mpaka wapishi wakaja kuuliza kama tutakula au hatuli. Ukaisha sare. Kwa jumla siku hiyo tulishindwa kwa alama moja, na alama hiyo ilikuwa yangu mimi.

Nilipoingia chumba tulichokula, nilingoja kusikia "kichwa maji". Hakuna aliyesema. Kimya alinisogezea nafasi kwenye benchi, akatoa ile karatasi yangu niliyotaka kuifanyia ndege, akainyoosha mezani. "Uligeuziwa hapa," akasema, akiweka kidole. "Hatua ya kumi na saba." Tukaanza kuipitia huku tukila.

Wenzangu, kila muhula tunarudishiwa mitihani yenye wino mwekundu. Wengi wetu tunatazama alama iliyo juu, tunaikunja karatasi, na huo ndio mwisho wake. Wino mwekundu ule ndio mchezo wetu wa juzi. Upitieni mstari kwa mstari, mkiwa mmefunika jibu. Na mwenzenu akianguka mbele ya watu, kabla hamjasimama mkashika chuma cha basi, ombeni kwanza karatasi yake muisome. Pengine mtakuta makosa yake ni moja, na yenu ni tisa.

Anayetaka kujiunga nasi, tunakutana maktabani kila Jumatatu na Jumatano. Ubao upo, kete zote thelathini na mbili zipo. Njoo na kalamu.

Wenu,
"Radi" wa zamani,
Kidato cha Tatu.